Ubao Mbichi na Jina Lako

Mwadi, mwanangu,

Mambo ya chandarua, dawa za homa na nguo za baridi sitayagusa. Mama yako ameyasema tangu mwezi uliopita, na ukifungua begi lako utakuta ameyasema tena kwa karatasi. Mimi nina jambo moja tu. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza nilikuuliza kama umenunua sabuni. Mara ya pili nilikuuliza tena habari za sabuni, ukacheka, ukasema, "Papa, weye leo uko na nini na sabuni?" Mara ya tatu nilikuona unakuja, nikashika ufagio. Hujawahi kuniona na ufagio maisha yako yote, lakini ulipita tu, labda kwa kunihurumia.

Basi naandika. Ni Jumapili alasiri, wewe uko Kakanda kumuaga shangazi yako, na utarudi kabla ya chakula cha jioni. Nimekaa kwenye meza ya kazi, nimesogeza patasi na gundi pembeni. Nataka usome haya kabla hujapanda gari kesho kwenda Lubumbashi, na kabla watu wa kwaya ya Panda hawajakufikishia habari kwa njia yao, maana wao tayari wanajua.

Ni habari ya gitaa la kwanza lenye jina lako.

Najua unavyoisimulia. Unasema ulikuwa na miaka kumi na saba, tulikuwa tumetengeneza pamoja gitaa la kwaya ya Panda, na mikono iliyofanya kazi kubwa ilikuwa yako. Siku ya kulimaliza, baba yako alichukua karatasi ya etiketi, na badala ya kuandika jina lake akaandika la kwako, akaibandika ndani pale inapoonekana kupitia tundu. "Mwadi Ilunga, Shituru, Likasi." Ulilia. Mama yako alichinja kuku ingawa haikuwa sikukuu. Habari hiyo uliiandika hata katika barua uliyompelekea yule fundi wa Lubumbashi, na nadhani ndiyo iliyomfanya akuite kwake kwa miaka miwili. Kila ukiisimulia mbele za watu mimi huangalia chini, nao husema, ona baba huyu alivyo mnyenyekevu.

Mwadi, sikuwa nakupa zawadi siku ile. Nilikuwa najificha nyuma yako. Nina aibu kuliandika hilo, na nimeliandika mara mbili kwenye karatasi nyingine nikachana, lakini hii sitaichana.

Unajua sheria ya karakana yetu, kwa sababu nilikufundisha kabla hujajua kushika msumeno. Ubao ukifika hapa unaandikwa kwa penseli pembeni, mwezi na mwaka, kisha unasimamishwa kwenye kivuli, na hakuna kuukata mpaka upite viangazi viwili. Sheria hiyo si yangu. Niliipata kwa mzee Musonda, aliyenifundisha kazi nilipokuwa kijana katika karakana ya mbao ya kampuni ya migodi, kule Panda. Saa za kupumzika alikuwa anatengeneza magitaa, uso kwa mbao nyeupe za masanduku yaliyoleta mashine kutoka Ulaya, mgongo na mbavu kwa mbao nyekundu ya mulombwa, mti wa hapa kwetu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku nilipomaliza gitaa langu la kwanza nikataka kuandika jina langu kwa herufi kubwa, alinishika mkono. "Ile jina unabandika mule ndani haiko ya kujisifu," aliniambia. "Ni juu ya siku gitare itarudishwa. Bajue ni nani wa kuitika."

Nilikusimulia mambo mengi ya mzee Musonda, hata yale ya kuchekesha, hata alivyokuwa analala amesimama. Hilo la jina sikukusimulia kamwe. Sasa utajua kwa nini.

Mwaka ule wa gitaa la kwaya nilikuwa na mbao mbili tu za mulombwa zilizokauka sawasawa. Kwaya ya Panda ilikuwa na gitaa bovu, na Jumapili moja, wakati wa matangazo, nilisimama mwenyewe kanisani nikasema Pasaka itawakuta na gitaa jipya. Hakuna aliyeniomba kusimama. Watu walipiga makofi, mama yako akanivuta shati nikae. Wiki chache baadaye akaja yule mpiga gitaa wa Kolwezi, yule wa kofia nyeupe, anayepiga kwenye majukwaa makubwa. Alitaka gitaa. Nikafikiria jina langu ndani ya gitaa lile, chini ya taa, watu wakimuuliza, hili umelitoa wapi? Mbao zote mbili kavu nikazikata kwa ajili yake.

Kwa hiyo ubao wa kwaya niliutafuta katikati ya mvua. Niliupata kwa watu wa lori la makaa wanaopita njia ya Kakanda. Ulikuwa mzuri kwa macho, mwekundu wenye mistari ya kahawia, na ulikuwa umekatwa miezi michache tu nyuma. Niliuandika pembeni mwezi na mwaka kama sheria inavyotaka. Kisha niliuning'iniza juu ya mbabula ya makaa kwa wiki mbili, kama mtu anayekausha samaki. Juu ukakauka. Ndani nilijua hali yake. Asubuhi moja, kabla hujaamka, nilipitisha randa pembeni na kuifuta ile alama ya penseli. Randa ilipita mara mbili tu, na mwaka ukaanguka chini pamoja na maranda.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma zaidi, kwa sababu wewe umeisahau, au nilikusahaulisha.

Uliuchukua ubao ule ukauweka kwenye shavu. Uliugonga kwa kifundo cha kidole ukausikiliza. Halafu ulipiga randa kidogo, ukaokota ganda moja jembamba la mbao lililojikunja, ukajaribu kulivunja. Halikuvunjika, lilipinda tu. Ulikuja nalo kwangu mkononi.

"Papa, hii mbao haiyakauka. Iko na mayi ndani."

Nilijua unasema kweli. Nilijua kabla hujafungua mdomo. Na kwa sababu nilijua, nilikasirika.

"Weye ulizaliwa lini, na minye nilianza kazi lini?" nilikuambia. "Minye njo nakufundisha, ao weye njo unanifundisha?"

"Unisamehe, Papa," ulisema, ukarudi kwenye meza ukaanza kupima.

Ulifanya kazi nzuri kuliko ubao ulivyostahili. Mbavu ulizipinda kwenye bomba la moto bila kuunguza hata mahali pamoja. Gitaa lilipofungwa, nililigonga mgongoni kwa kidole, nikasikia sauti nzito, sauti ya kitu kilichoshiba maji. Nikawaza Julai, nikawaza baridi na upepo mkavu, nikaona ufa kabla haujatokea. Etiketi yenye jina langu ilikuwa tayari mezani, wino umekauka. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nikachukua nyingine nikaandika jina lako.

Nimejiuliza miaka yote hii kama kulikuwa na sehemu yoyote ya moyo wangu iliyotaka kukufurahisha. Ningependa kusema ilikuwepo. Ulipolia, mimi pia nilitokwa na machozi, na nikaanza kuamini kuwa mimi ni baba mzuri. Lakini nikijiuliza kama ningekuandika jina iwapo ubao ungekuwa mkavu, jibu ni hapana. Ningeandika langu. Mbao kavu zilibeba jina langu kwenda Kolwezi, na ubao mbichi ukabeba lako. Na jina lako, unajua, ni jina la mama yangu mzazi, nililokuomba ulibebe siku ulipozaliwa.

Julai ikafika. Maestro Kabamba, mwenye kuongoza kwaya, alikuja hapa na vijana wawili waimbaji, gitaa limefungwa kwenye kitenge. Alilifungua taratibu. Ufa ulikuwa unaanzia chini ya mgongo mpaka karibu na katikati, ukucha ungeingia.

"Papa Ilunga, gitare imepasuka," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni tu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kazi ya maneno matatu, nilitumia ubao mbichi. Badala yake nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, nikamwonyesha tundu la gitaa.

"Maestro, angalia etiketi, inasema nani? Ni mutoto njo alifanya. Anajifunza bado."

Ulikuwa mlangoni unapiga msasa. Uliuweka chini, ukapangusa mikono kwenye kitenge chako, ukaja, ukapiga magoti kidogo. "Pardon, Maestro. Ni minye. Nitaitengeneza." Kisha uliniangalia. Nilichukua patasi nikaanza kuangalia makali yake, patasi niliyoinoa asubuhi hiyo hiyo.

Siku hiyo hiyo, ulipokuwa unafagia, uliniuliza, "Papa, nilikosea fasi gani?"

Uliuliza kwa upole, ukitaka kujifunza. Nikakudanganya kwa upole vilevile. Nilisema uliufanya mgongo mwembamba mno. Ulikuwa umeupunguza mpaka kwenye unene niliokuchorea mimi mwenyewe, wala hukupunguza zaidi ya hapo. Ukauliza, "Na mbao?" Nikasema ubao ulikuwa mkavu, niliuangalia mwenyewe. Ukaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika jambo akilini. Uliamini. Ungefanyaje? Ni baba yako aliyesema.

Watu wengi wanajua kusema uongo kuhusu kitu. Mimi nilikudanganya kuhusu mikono yako na sikio lako. Shavu lako lilikuambia ukweli na mimi nikaliambia shavu lako kwamba linasema uongo. Tangu siku hiyo sijakuona tena ukichagua ubao. Unakata, unapinda, unabandika, unaweka nyuzi, na katika hayo yote umenipita, nasema bila kuona haya. Lakini kila ubao ulikuwa unaniletea kwanza, "Papa, hii imekauka?" Na mimi nilikuwa nauchukua, naugonga, nafumba macho kidogo kama daktari, nasema ndiyo au hapana.

Nitakuambia jambo baya zaidi: nilipenda kuulizwa. Nguvu za mikono zinapungua, macho yanataka miwani, mpiga gitaa wa Kolwezi hajarudi, lakini binti yangu hawezi kukata ubao bila mimi. Nilikula uoga wako kama chakula. Mara nyingi nilikuona unaugonga ubao kwa siri, unajua jibu, uso unang'aa, halafu uso unazimika na unaanza kutembea kuja kwangu. Nilikuwa naona kila kitu, na nilikuwa nakaa nakusubiri.

Alhamisi iliyopita, tukiwa mezani, ulitueleza desturi ya fundi wako mpya. Ulisema mtu anayefika kwake hapewi chombo chochote siku ya kwanza. Anapelekwa kwenye rundo la mbao, anaambiwa achague mwenyewe ubao wa gitaa lake, na huo ndio atakaofanyia kazi mpaka mwisho, ukipinda umepinda naye. Mama yako akasema, "Ee, ule mzee iko mukali." Wewe ulicheka, ukanigeukia. "Haina shida. Nitatumia Papa bapicha kwa telefone, ataniambia ile ya kukauka."

Picha, Mwadi. Wewe, uliyejua ubao kwa shavu ukiwa na miaka kumi na saba, unataka mtu wa Likasi akuambie kwa picha. Sikumaliza sahani yangu ya bukari siku ile. Mama yako alidhani ni tumbo, akanipa dawa, nikainywa kwa sababu kuinywa kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Leo baada ya misa nilienda Panda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimwomba Maestro Kabamba aniache niseme neno kabla hawajaanza. Nilisimama pale pale mbele yao nikawaambia yote, lori la makaa, mbabula, alama ya penseli, na maneno uliyoniambia wewe. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alisema "Ayi, Papa Ilunga." Nikamwomba Maestro anipe gitaa nilitoe jina lako mule ndani, nibandike langu, kwa sababu aibu ile ilikuwa yangu tangu mwanzo.

Alilikumbatia gitaa, hakunipa.

"Hapana," alisema. "Ule mutoto unamujua weye? Kila kiangazi anakuja hapa. Anakuja na kikopo, anaweka ndani yake kitambaa chenye mayi, anakiweka ndani ya sanduku ya gitare, juu mbao isipasuke tena. Anarudi kila wiki kuangalia. Njo maana ufa haukuenda mbele. Na sasa unataka kutoa jina yake, tena bila kumuuliza?"

Sikujua. Naapa sikujua. Nilikuwa nadhani kila Jumamosi unaenda kumuona rafiki yako. Miaka yote hii umekuwa unaliitikia gitaa ambalo mimi nililikimbia. Nilikaa kwenye benchi la kwaya nikalia mbele ya vijana waliokuwa wanatafuta pa kuangalia.

Basi jina lako limebaki. Maestro aliniruhusu kuongeza karatasi yangu chini ya yako, na niliiandika pale pale kwa Kiswahili chetu ili kila mtu aisome: "Mbao ya mugongo: mulombwa mubichi. Ilichaguliwa na Ilunga. Mutoto wake Mwadi alimuambia haiyakauka. Ilunga alikatala kusikia." Niliibandika kwa kidole kupitia tundu. Imekaa kidogo upande. Ukitaka kuzitoa zote mbili, au moja, ni haki yako, gitaa ni lako.

Na kuna mahali pengine jina lako lilistahili kuandikwa, na halikuandikwa. Kuna magitaa saba yaliyotoka hapa tangu wakati huo, yenye etiketi yangu, ambayo mimi nilichofanya ni kusema ubao umekauka na kukaza nyuzi. Unayajua. Nimeanza kuwaandikia wenye magitaa hayo kwa simu. Wawili wamejibu, mmoja amecheka akasema alikuwa anajua zamani, kwa sababu mimi sijawahi kuichonga shingo vizuri namna ile. Nimekubali, anasema kweli.

Sikuombi unisamehe katika karatasi hii, maana ukisoma ukiwa na haraka ya gari utasema "si kitu, Papa", kama ulivyozoea kuniambia. Ni kitu. Kaa nacho muda unaotaka. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie vizuri, usipunguze kwa sababu nimezeeka. Mimi nilipomkosea mzee Musonda nilijua kumwomba radhi siku hiyo hiyo, lakini kwa mtoto nilifikiri baba akiomba radhi anapungua. Nimepungua zaidi kwa kutokuomba. Hilo ndilo ninalolijua, na nimelijua nikiwa nimechelewa.

Mbele ya lile rundo la mbao, utakapoweka shavu, litakuambia. Usinitumie picha. Ukiituma sitajibu, na si kwa ukali, ni kwa sababu ubao unaujua wewe, na mimi nilikuwa najua hivyo tangu mwanzo.

Mama yako nimemwambia mchana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoa sahani yangu. Nasikia anapiga pasi nguo zako, zile alizokwisha kupiga jana.

Kesho gari linaondoka saa mbili. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, na saa kumi na mbili asubuhi utanikuta nimesimama mlangoni, nimevaa viatu. Ukitaka nikubebee begi mpaka stendi, nipe begi. Ukitaka nibaki, mpe mama yako alibebe, upite tu, huna haja ya kuniaga. Mimi nitakaa pale pale mlangoni mpaka nisiwaone tena, halafu nitaenda kufungua karakana, na wakija kuuliza habari za gitaa lolote, nitaitika mimi.

Papa yako,
Ilunga